Santuri, flashi na matanga ya kuka: historia ya u-DJ nikiitazama kutoka Malakisi

Najua nimepotea. Kazi ya kuandika programu ikikushika haikuachilii, na kila jioni nikisema leo nitaandika, usingizi unanishinda. Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na lugha za programu. Nina jambo ambalo limenikaa rohoni tangu Desemba 2023, tulipomzika babu yangu kule Malakisi.

Kwa wasiopajua, Malakisi ni mji mdogo katika kaunti ya Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda, Mlima Elgon ukiutazama kutoka kaskazini. Kuna mto wa jina hilo hilo. Watu wa mbali walisikia habari za mji huu kwa sababu ya kinu cha kuchambua pamba, na baadaye kwa sababu ya tumbaku. Sisi Wabukusu babu tunamwita kuka, kwa hiyo humu nitamwita hivyo.

Usiku wa mkesha tulikuwa na DJ. Kijana wa huko huko, mpole, vifaa vyake vimekuja kwa pikipiki mbili: laptopu moja ya mtumba, mashine ya kuchanganyia muziki isiyozidi ukubwa wa sinia, spika mbili ndefu kama mlango, na jenereta ndogo ya tahadhari stima ikipotea. Akaniambia ana nyimbo zaidi ya 30,000. Nikamsifu.

Mnamo saa tatu hivi shangazi yangu akatoka ndani na sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na santuri za kuka, zile ndogo. Akachomoa moja, akampa yule kijana. "Kijana wangu, tupigie huu. Huu ndio aliokuwa akicheza na mama."

Kijana akaigeuza huku na huku. Akaitazama laptopu yake, akamtazama shangazi. "Mama, hii naiingiza wapi?"

Watu walicheka sana. Halafu kicheko kikaisha, na shangazi bado amesimama pale. Mimi ndiye yule "mtu wa kompyuta" wa ukoo, basi macho yote yakanigeukia.

Nitarudi kwa habari hiyo. Kwanza nataka niulize swali ambalo ma-DJ wa dunia nzima wamegombana juu yake kwa zaidi ya miaka 20: santuri au dijitali? Ukisoma mabishano yao utadhani ni suala la sauti tu. Huyu anasema santuri ina joto, yule anasema masikio yako yanakudanganya. Mimi nikiitazama historia hii nikiwa nimesimama Malakisi, naona maswali mawili mengine. Nani anaweza kuishika mashine? Na baada ya miaka 50 kutabaki nini?

Kinanda kisichohitaji stima

Tuanze mbali kidogo. Sahani ya gramafoni ni kazi ya Emile Berliner, aliyepata hataza yake Marekani mwaka 1887. Wazo lenyewe ni rahisi hata mtoto anaelewa: sauti ni mtetemo, mtetemo unachorwa kama mfereji kwenye sahani, sindano ikipita kwenye mfereji inatetemeka vile vile. Hakuna msimbo wa kufasiri wala programu ya kufungulia faili. Sisi wa kompyuta tungesema fomati na data ni kitu kimoja.

Na jambo la pili, ambalo kwa Afrika Mashariki lilikuwa kubwa zaidi: gramafoni za mwanzo hazikuhitaji umeme. Ulizungusha mkono, springi ikakaza, sahani ikazunguka mara 78 kwa dakika. Ndiyo maana santuri zilienea mahali ambapo taa ya umeme ilikuwa haijafika wala kuota kufika. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi, na sahani zao zikauzwa pwani yote na bara.

Kuna kisa kingine napenda kukisimulia. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alifika kwa Wakipsigis huko Kapkatet. Wasichana wakamwimbia wimbo kuhusu kiumbe anayeitwa Chemirocha, nusu mtu nusu swara. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko! Watu walisikia sauti ikitoka kwenye sanduku, wakalichukua jina, wakalifanya lao. Wanaosema Waafrika tulipokea teknolojia tukakaa kimya wakasome kisa hiki.

Baada ya Vita Vikuu vya pili Nairobi ikawa na studio na lebo zake, na kiwanda cha kuchapa sahani. Peter Colmore alikuwa akirekodi wanamuziki wengi. Equator Sound Studios ikaja na watu kama Fadhili William na Daudi Kabaka, yule mfalme wa twisti. Wimbo wa Kabaka, Helule Helule, ulirudiwa na kundi la Uingereza, The Tremeloes, mwaka 1968. Kutoka upande wetu wa Magharibi alikuwako George Mukabi wa Kisa, fundi wa gita la omutibo, lile la vidole, mwenzake akigonga chupa ya Fanta. Mukabi alifariki 1963 lakini gita lake bado linafundisha watu. Na huko Kericho duka la Chandarana lilitoa santuri nyingi za wanamuziki wa Nyanza na Magharibi. Kwa hiyo mtu wa Malakisi hakulazimika kusikiliza Nairobi na Kinshasa tu. Aliweza kusikia watu wa kwao.

Nyaya zilizopita juu ya vichwa

Kuka alinunua mashine yake miaka ya 1960 kwa pesa za pamba. Ilikuwa ya betri, zile kubwa, na kifuniko chake ndicho kilikuwa spika. Wakati huo sahani za 78 zilikuwa zinaondoka na za 45 zimeingia, ndogo, za plastiki, zisizovunjika ovyo.

Kwa nini betri? Hapa kuna kitu kinanichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Bwawa la Owen Falls pale Jinja lilifunguliwa 1954, na kufikia 1958 umeme wake ulikuwa ukipelekwa Nairobi kwa laini kubwa kupitia Tororo. Yaani umeme ulikatiza Magharibi mwa Kenya, juu ya mashamba na vichwa vya watu, ukienda zake Nairobi. Chini ya nyaya hizo watu walinunua betri na mafuta ya taa. Mpango wa serikali wa kusambaza stima hadi mlango wa mwisho, wengi wanauita Last Mile, ulianza 2015. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Basi katika hali ile, nani alikuwa DJ? Jibu ni rahisi: mwenye mashine. Kuka alialikwa kwenye harusi na sherehe za tohara kwa sababu alikuwa nayo, na hakuruhusu mtu mwingine yeyote aiguse. Sindano ilikuwa ghali, betri zilikuwa ghali zaidi, na mkono mmoja wa mlevi ungeharibu vyote. Shangazi ananiambia yeye na dada zake waliruhusiwa kufuta vumbi tu, kuweka sindano hapana. Naipenda santuri, lakini nisiwadanganye. Santuri ilikuwa na bwana wake, na karibu mara zote alikuwa mwanamume mwenye shamba.

Na kazi yenyewe haikuwa kuchanganya nyimbo. Sahani ndogo ya 45 hubeba kama dakika nne hivi kila upande, ndiyo maana nyimbo nyingi za benga na rumba zilikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Gita linapokolea tu, sahani inakwisha! Wachezaji wanasimama katikati ya uwanja, wanangoja, kuka anageuza. Wazee wananiambia muda ule wa kungoja ulikuwa na utamu wake, ndipo mtu alipomsemesha aliyemlenga.

Mashine ambayo haikufika

Sasa twende Japani, nitarudi upesi. Kampuni ya Matsushita, kupitia jina lake la Technics, ilitoa mwaka 1972 mashine inayoitwa SL-1200. Zamani mota ilizungusha sahani kwa mkanda wa mpira. Technics waliiunganisha mota moja kwa moja na sahani, hivyo ukibonyeza inazunguka papo hapo kwa kasi kamili, na hata ukiirudisha nyuma kwa mkono mota haiumii. Toleo lake la pili, MK2, likaja na kitufe cha kuteleza cha kubadili kasi kwa asilimia 8 juu au chini. Yaani wimbo wenye midundo 120 kwa dakika unaweza kuusukuma hadi karibu 130, au kuushusha hadi 110, mpaka ulingane na wimbo mwingine unaozunguka pembeni.

Hapo ndipo u-DJ tunaoujua ulipozaliwa. Tarehe 11 Agosti 1973, mtaa wa Bronx, New York, kijana aliyetoka Jamaika, Kool Herc, alipiga muziki kwenye sherehe ya dada yake. Katika kazi yake alitumia mashine mbili na nakala mbili za sahani moja ili kurefusha kile kipande cha ngoma ambacho watu walikipenda zaidi. Tatizo ni lile lile la kuka: kipande kitamu ni kifupi. Kuka aligeuza sahani watu wakangoja. Herc aliongeza mashine ya pili.

Je, Technics zilifika Malakisi? Sijawahi kusikia aliyekuwa nazo. Moja ina uzito wa kilo 11 hivi, na unahitaji mbili, na kichanganyio, na ampulifaya, na stima ya uhakika. Zilikaa kwenye disko za Nairobi, Mombasa na miji mikubwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba DJ halisi ni yule wa santuri mbili, muulize: halisi wapi? Kule kwetu hatua hiyo tuliiruka, kama tulivyoiruka simu ya waya.

Kanda, jenereta na disko matanga

Kilichofika ni kanda. Kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963, lakini kwetu ilishika kasi miaka ya 1970 na 1980. Kanda ilivumilia barabara ya vumbi ya kwenda Kitale, iliingia mfukoni, na juu ya yote, ILIREKODI. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kunakili muziki.

Na hapo mambo mawili yakatokea kwa wakati mmoja. La kwanza, kunakili kiholela kuliua biashara ya santuri. Kampuni kubwa za nje zilizokuwa na matawi Nairobi zilifunga virago moja baada ya nyingine, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1990 uchapaji wa santuri nchini ulikuwa umekwisha. La pili, vijana wasio na shamba wala pamba sasa waliweza kuwa ma-DJ. Kaseti mbili, ampulifaya, betri ya gari au jenereta ya kukodi, basi umeanza kazi.

Ndivyo lilivyonawiri disko matanga. Kwa msomaji wa Dar au Zanzibar, matanga bila shaka mnayajua, lakini huku Magharibi na Nyanza mkesha wa msiba uligeuka kuwa dansi ya usiku kucha. Usikimbilie kukunja uso. Mazishi ni gharama: jeneza, chakula, usafiri wa maiti. Muziki ulivuta watu na watu walichanga. Nakumbuka nikiwa mdogo, mtu anatoa noti ili wimbo usimamishwe, mwingine anatoa kubwa zaidi ili uendelee. Mwenye msiba alipata kitu. Lakini pia yalitokea mengine gizani, wasichana wadogo wakapata mimba, wengine wakadhulumiwa, na watawala wamekuwa wakilipiga marufuku disko matanga mara kwa mara. Kwenye matanga ya kuka tulipewa ruhusa ya muziki hadi saa nne usiku tu, na mimi binafsi sikuona ubaya.

DJ wa kanda alikuwa na ufundi wake. Alizungusha kanda kwa kalamu ya Bic kuokoa betri, alikisia kwa jicho wimbo ulipo kwa kuangalia unene wa utepe, na alikuwa na kanda zilizosimamishwa tayari kwenye nyimbo za kuanzia. Kuchanganya midundo hakukuwezekana, lakini kuusoma umati kulikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Sahani isiyo na wimbo

Tufike kwenye dijitali sasa, eneo langu. Sauti ya CD, iliyoingia sokoni 1982, hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, chaneli mbili. Wimbo wa dakika nne ni kama megabaiti 42. Halafu wahandisi wa Fraunhofer, Ujerumani, na wenzao wakatengeneza njia ya kutupa zile sehemu ambazo sikio halizisikii vizuri, na mwaka 1995 faili hizo zikapewa jina la .mp3. Wimbo ule ule kwa kiwango cha kilobiti 128 ukawa chini ya megabaiti nne.

Hebu tufanye hesabu ya pikipiki. Santuri ya 45 ina uzito wa takriban gramu 40. Nyimbo 1,000 zilizokatwa pande mbili ni sahani 1,000, yaani kilo 40, na bado hujabeba mashine. Nyimbo hizo hizo katika MP3 zinaingia kwenye flashi moja, kitu cha ukubwa wa kidole. Kwa mtu anayepanda kilima cha Sirisia usiku wa mvua, mjadala umekwisha hapo.

Lakini kuna jambo tamu la kihistoria. Dijitali haikuingia kwa ma-DJ ikisema "tupeni santuri". Iliingia imevaa kanzu ya santuri! Mwishoni mwa miaka ya 1990 Waholanzi wa N2IT walitengeneza Final Scratch, na mwaka 2004 watu wa New Zealand, Serato, wakatoa Scratch Live. Unaweka sahani ya kawaida kwenye Technics yako ya kawaida. Sahani hiyo haina wimbo. Ina mlio mmoja tu, katika Serato takriban mizunguko 1,000 kwa sekunde, na ndani ya mlio huo kumefichwa namba zinazosema sindano iko wapi. Kompyuta inasikiliza. Mlio ukiwa mwembamba zaidi, sahani imeharakishwa. Ukiwa mzito, imepunguzwa. Na ikirudi nyuma itajuaje? Chaneli ya kushoto na ya kulia hazipigi pamoja, moja inaitangulia nyingine kidogo. Ukirudisha sahani nyuma, ile iliyochelewa ndiyo inatangulia. Programu inaona, inaicheza MP3 yako kinyumenyume. Nilipousoma mpango huu mara ya kwanza nilisimama nikapiga makofi peke yangu.

Pioneer nao mwaka 2001 walitoa CDJ-1000, mashine ya CD yenye gurudumu kubwa la kugusa kama sahani. Mwaka huo huo ikazaliwa Mixxx, programu huria ya u-DJ, aliyoianzisha Tue Haste Andersen kama sehemu ya utafiti wake wa shahada ya uzamifu. Mixxx ipo hadi leo, ni bure, na msimbo wake unaweza kuusoma wewe mwenyewe. VirtualDJ ikafuata 2003, na ndiyo niliyoiona kwenye laptopu nyingi za Bungoma na Kitale. Dar es Salaam vijana wa singeli walifika mbali zaidi: laptopu si ya kucheza muziki tu, ndicho chombo chenyewe cha kuutengeneza.

Na kile kitufe cha kulinganisha midundo chenyewe, sync, je, ni udanganyifu? Wazee wa Technics wanasema ndiyo. Mimi nasema kompyuta imechukua kazi ya kuhesabu, jambo ambalo kompyuta imeumbiwa. Haijachukua kazi ya kujua kwamba huyu mjane anahitaji wimbo wa taratibu sasa hivi. Yule kijana wa Malakisi aliijua.

Shimo katikati

Mpaka hapa mtaniona nimeegemea dijitali. Ngoja niwaambie aibu yangu.

Agosti 2006, mwaka wa tohara kwa Wabukusu (sisi hutahiri miaka shufwa), nilirudi nyumbani na kinasa sauti kidogo cha MP3. Kuka alipiga litungu, kile chombo chetu cha nyuzi, karibu saa nzima, akitaja majina ya ukoo na rika moja baada ya jingine. Nikarudi mjini, nikahamisha faili kwenye diski ngumu ya kompyuta yangu, nikafuta kinasa sauti ili nipate nafasi. Mwaka 2009 diski ikaanza kugonga tik, tik, tik... ikafa. Nakala? Sikuwa nayo. Mimi, ambaye kazini nawagombeza watu kwa kutoweka nakala.

Basi fikiri: santuri ya kuka ya miaka ya 1960, iliyolala sandukuni na mende, bado ipo. Rekodi yangu ya 2006, iliyofanywa kwa teknolojia ya kisasa na mtaalamu wa kompyuta, haikumaliza miaka mitatu.

Na si mimi peke yangu. Mwaka 2013 lebo ya Soundway ya London ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special, nyimbo za miaka ya 1970 na 1980, nyingi zikiwa zilitoka kwetu kama santuri ndogo tu. Zimeokolewa kwa sababu sahani zilibaki mikononi mwa watu. Pale Kenyatta Market, Nairobi, James Rugami ameuza na kutunza santuri tangu 1989, na watu huja kutoka nje ya nchi kumtafuta. Lakini muziki wa kanda za miaka ya 1990, na ule wa CD za kuchoma za miaka ya 2000? Utepe umeota ukungu, CD zimechubuka, flashi zimepotea kwenye mifuko ya suruali. Kuna shimo katikati ya historia yetu, na liko karibu nasi kuliko miaka ya 1960! Tulipopata uwezo wa kurekodi kila mtu, ndipo tulipoanza kupoteza zaidi.

Tulivyoucheza wimbo

Turudi usiku ule. Nilikumbuka kwamba mfereji hauhitaji programu. Nikaomba karatasi ngumu ya kalenda, nikaikunja kama pia, nikapachika sindano ya cherehani kwenye ncha. Tundu la katikati ya sahani nikalibana na kalamu iliyozungushiwa karatasi. (Msifanye hivi na sahani nzuri, sindano ya cherehani inakwangua mfereji. Mimi nilikuwa sina njia.) Mizunguko 45 kwa dakika ni mitatu kila sekunde nne. Binamu akahesabu kwa simu, mimi nikazungusha kwa vidole, na yule DJ, bila kuambiwa, akaleta maikrofoni yake akaishikilia kwenye mdomo wa karatasi.

Ikatoka. Nyembamba, inayumba kama mtu aliyelewa, lakini gita lilikuwa gita. Kisha sauti ya mwanamume anaimba Kibukusu, kwenye spika mbili ndefu kama mlango, uwanja mzima. Wazee waliinuka. Shangazi hakucheza, alikaa chini palepale na kuweka mkono mdomoni. Sahani ilipokwisha nusu nikaigeuza, watu wakangoja, kama zamani.

Ni nani aliimba? Lebo imesuguliwa, jina halisomeki. Mzee mmoja alisema mwimbaji alitoka pande za Chwele, jina limemtoka. Kwa hiyo santuri nayo si malaika: ilihifadhi sauti, ikapoteza jina.

Yule DJ alikuwa amerekodi kila kitu kwenye laptopu, akahifadhi faili kwa jina la KUKA MALAKISI FINAL 2.mp3. Baadaye nilinunua mashine ya mtumba Nairobi nikainakili sahani vizuri zaidi, nikamtumia. Ananiambia ameshaipiga kwenye misiba mingine miwili, na watu wanaiomba tena kwa jina hilo hilo. Basi wimbo una jina jipya.

Nisiwaache bila kazi ya kufanya. Ukiwa na santuri za wazee nyumbani, zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze wala kuziweka juani. Ukizinakili, tunza nakala moja katika FLAC, ambayo haitupi kitu, na MP3 iwe ya kusikiliza. Weka nakala tatu sehemu mbili tofauti, moja nje ya nyumba yako. Na tafadhali andika ndani ya faili jina la mwimbaji, kijiji, mwaka na aliyekupa. Kama wewe ni DJ wa flashi, wewe ndiye mwenye sanduku la mbao la leo, hata kama hujui.

Mimi Agosti ijayo ya tohara narudi nyumbani na kinasa sauti. Kuka hayupo, lakini kuna mzee mmoja ng'ambo ya mto ambaye bado anapiga litungu. Safari hii nakwenda na diski mbili.

Haya, tuonane tena, na msikae kimya. Mwenye santuri ndani aseme.